Mwanangu Anataka Kusomea Popo



Nilikuwa nimewaahidi kwamba mwezi huu tungeendelea na somo letu la lishe ya mtoto anayeachishwa ziwa. Naomba mniwie radhi. Limetokea jambo hapa kwetu Pemba ambalo limenifundisha mimi mwenyewe kwanza, nami naona si vyema nikae nalo moyoni. Somo la lishe litafuata mwezi ujao, Mungu akipenda.

Jioni moja, baada ya kikao cha akina mama kanisani, mama mmoja alinivuta kando chini ya mwembe. Ni mama mwenye heshima zake. Kila alfajiri anachoma vitumbua vya kuuza, na mume wake ni fundi seremala. Binti yao mkubwa amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri sana katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Nilidhani ananiita ili tumshukuru Mungu pamoja. Kumbe sivyo.

"Sista, nisaidie," aliniambia. "Mtoto huyu nimemwombea tangu yuko darasa la kwanza awe daktari, au walau muuguzi kama wewe. Sasa anasema anataka kwenda Morogoro kusomea tabia za wanyama. Nimemuuliza, wanyama gani hao? Akanijibu, popo! Baba yake tangu jana hajagusa chakula."

Nilicheka. Nilipomtazama tena nikaona machozi, nikaacha kucheka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama. Mlete kwangu Jumamosi, nitamrudisha njiani."

Dada zangu, hapo ndipo nilipokosea. Nilitoa ahadi kabla ya kumsikiliza mtoto.

Kuishi nao si kuwatazama

Binti alikuja Jumamosi kama alivyotumwa. Alinipa shikamoo, akaketi, akanyamaza. Nami nikaanza hotuba yangu. Nilimweleza juu ya heshima ya kazi ya hospitali, juu ya mshahara wa kila mwezi, juu ya wazazi waliojinyima ili yeye asome. Nikamwuliza ni mwanamume gani atakayeoa mwanamke anayelala porini akihesabu wanyama. Nilisema karibu nusu saa nzima bila kupumzika.

Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu. "Mama, umewahi kuwatazama?"

Nikamjibu kwamba nimeishi na popo miaka yote hii. Wananiamsha usiku wakigombania maembe juu ya bati langu, na asubuhi nafagia makapi yao. Akasema kwa adabu, "Ni kweli, mama. Lakini kuishi nao si kuwatazama."

Basi Jumamosi iliyofuata nikafuatana naye hadi Kidike, kaskazini mwa Chake Chake, mahali ambapo wanakijiji wamewahifadhi popo kwa miaka mingi na ambapo wageni hulipa kiingilio kidogo ili kuwaona. Tulifika jua likiwa kali. Juu ya miti mirefu walining'inia mamia kwa mamia, kila mmoja amejifunika mbawa zake kama mwavuli uliokunjwa. Binti alitoa daftari lililokwisha kuchakaa, akaanza kunionyesha. Huyu anajipepea kwa ubawa mmoja kwa sababu ya joto. Wale wawili wanagombania tawi. Yule pale, tazama vizuri chini ya ubawa wake, ana mtoto.

Nilitazama. Kweli, kichwa kidogo kilichungulia kifuani kwa mama yake, kikarudi ndani. Nimesaidia akina mama wengi kuwaweka watoto wao titini, wala sikupata kujua kwamba juu ya kichwa changu, miaka yote hiyo, kazi ile ile ilikuwa ikiendelea.

Popo hawa ni wa kwetu peke yetu

Pengine wewe unayesoma uko Mbeya au Kigoma, nawe unajiuliza popo wana nini cha kusomewa. Nami sikujua, mpaka binti yule aliponieleza na baadaye nikathibitisha kwa kusoma mwenyewe.

Popo wa Pemba ni wa aina ya pekee. Duniani kote hapatikani mahali pengine porini ila katika kisiwa chetu na visiwa vidogo vinavyokizunguka. Ni mkubwa. Akinyoosha mbawa, kutoka ncha hadi ncha anafikia kiasi cha meta moja na nusu. Hanyonyi damu ya mtu wala ya mnyama, kama wengine wanavyowatishia watoto. Chakula chake ni matunda, maua na majani. Hula maembe na mashelisheli, akifyonza maji na kutema makapi. Anapotoka mti hadi mti hubeba chavua ya maua, na mbegu anazomeza huziangusha mbali na mti uliozaa. Kwa hiyo anapanda miti usiku sisi tukiwa tumelala. Kwa kawaida mama popo huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na katika majuma ya kwanza huruka naye akiwa amemng'ang'ania kifuani.

Mama anayezaa mtoto mmoja kwa mwaka, ukiua wengi kwa pamoja huwezi kuwarudisha upesi. Hilo ndilo lililotaka kutokea hapa. Nyama ya popo ililiwa Pemba tangu zamani, lakini bunduki zilipoongezeka na misitu ikakatwa kwa ajili ya mashamba, walipungua mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliofika kuwahesabu walikadiria kwamba wamebaki elfu chache tu. Mwaka 1996 popo wetu aliandikwa katika orodha ya dunia ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Wataalamu hao, pamoja na watu wa idara ya misitu ya Zanzibar, hawakuja na askari. Walikaa na wanakijiji wakaeleza popo anavyoishi na kazi anayoifanya. Vijiji vikaunda vikundi vya kulinda miti wanayolala popo, watoto wakafundishwa shuleni, na uwindaji katika sehemu hizo ukakatazwa na wenyeji wenyewe. Hesabu iliyofanywa mwaka 2006 ilipata popo zaidi ya 18,000. Mwaka 2008 wakatolewa katika daraja lile la hatari kubwa kabisa, wakawekwa katika daraja la hatari iliyo ndogo kuliko hiyo.

Nilipoisikia habari hii niliona haya kidogo. Jambo la kupigiwa mfano duniani limefanyika kilomita chache kutoka zahanati, nami nilikuwa nikifagia makapi na kununa.

Elimu hii ni ya namna gani?

Wengi wetu tukisikia "kusomea wanyama" tunamwona kijana mwenye bunduki akilinda tembo. Kazi ya askari wa wanyamapori ni ya heshima, lakini elimu hii ni pana zaidi. Mwanafunzi wa tabia za wanyama anajifunza kutazama kwa subira na kuandika anachokiona, si anachokidhani. Anauliza mnyama anakula nini, analala wapi, anamleaje mtoto wake, anaogopa nini, na kwa nini amehama mahali alipozaliwa. Kisha anatumia majibu hayo kushauri jinsi ya kumhifadhi bila kuwaumiza watu wanaoishi naye.

Nikiwa muuguzi niligundua kwamba kazi hii si ngeni kwangu. Nasi tunafundishwa kumtazama mgonjwa, kuhesabu pumzi zake, kuandika katika karatasi yake, na kutotoa dawa kabla ya kujua ugonjwa. Nesi asiyejua kutazama anaua.

Tena wanyama na afya yetu havitengani. Wenzangu wa Pemba mtakumbuka kichaa cha mbwa kilivyotusumbua. Kilitokomezwa mwaka 2014 kwa kuwachanja mbwa, kikaingia tena mwaka 2016, kikatokomezwa tena mwaka 2018. Ushindi huo haukupatikana kwa sindano za hospitali peke yake. Walihitajika watu wa kufuatilia mbwa kijiji hadi kijiji na kujua nani ameumwa na mbwa yupi. Mimi nilijua kuosha jeraha na kumpeleka mtu kwenye chanjo. Wao walijua mahali ugonjwa unapotoka.

Mama aliyepanda boti kumfuata binti yake

Sasa nataka niwaeleze habari za akina mama wawili. Mabinti zao wanajulikana sana, ila wao wenyewe hatuwataji mara nyingi.

Wa kwanza aliitwa Vanne Goodall, Mwingereza. Alikuwa na mtoto wa kike jina lake Jane. Jane alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka minne alitaka kujua yai linatoka wapi kwa kuku. Akajificha bandani kwa saa nyingi mpaka watu wakaanza kumtafuta, na polisi wakaarifiwa. Aliporudi, nguo zimejaa majani makavu, mama yake hakumchapa wala kumkaripia. Alimwona macho yanang'aa, akaketi kumsikiliza aeleze kuku anavyotaga.

Binti huyo alikua. Familia haikuwa na fedha za chuo kikuu, akasomea ukatibu muhtasi. Mwaka 1957 alisafiri hadi Kenya, na huko akakutana na mtaalamu Louis Leakey, ambaye alitafuta njia ya kumpeleka Gombe, mkoani Kigoma, akawachunguze sokwemtu. Wakuu wa serikali ya kikoloni wakakataa. Msichana peke yake hawezi kukaa msituni, walisema, ni lazima awe na mwenzake. Ni nani aliyejitolea? Mama yake. Mwezi wa Julai mwaka 1960 Vanne alishuka na binti yake kutoka kwenye boti katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wote wawili waliugua malaria. Na alipopata nguvu mama yule alifungua zahanati ndogo chini ya paa la nyasi, akawagawia wavuvi dawa alizokuwa nazo. Uhusiano mwema na wenyeji ulianzia hapo. Nilipoisoma habari hii niliwaza, huyu alikuwa mwenzangu!

Miezi michache baadaye Jane alimwona sokwemtu mmoja akichukua jani la nyasi, akalichomeka katika kichuguu na kuvua mchwa kwa ustadi. Mpaka wakati ule wasomi walisema ni mwanadamu peke yake anayetengeneza na kutumia zana. Katikati ya miaka ya 1960 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge ingawa hakuwa na shahada ya kwanza. Alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91.

Katika maandishi yake, sokwemtu aliyenigusa kuliko wote ni mama mmoja aliyempa jina la Flo. Alikuwa mama mpole, mwenye subira, anayecheza na watoto wake na kuwatetea. Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint, ambaye alikuwa na miaka minane na bado akimtegemea sana, alikataa kula. Alikufa majuma kama matatu baadaye. Sisi tunaopokea watoto waliofiwa zahanatini hatuwezi kuisoma habari hiyo tukapita tu.

Mjane wa Kampala

Mama wa pili alikuwa jirani yetu wa Uganda, Rhoda Kalema. Mume wake, aliyekuwa waziri zamani, alitekwa mwaka 1972 katika utawala wa Idi Amin na hakurudi tena. Akabaki na watoto sita. Mdogo kuliko wote, Gladys, alikuwa na miaka miwili tu. Mama huyu alilea, akasomesha, na baadaye akawa naibu waziri na mbunge anayeheshimiwa na taifa lake. Alifariki mwaka 2025.

Gladys alipenda wanyama tangu utoto. Akiwa sekondari aliongoza chama cha wanafunzi cha wanyamapori. Mama yake angeweza kusema, "Nimekulea kwa taabu, nenda ukatafute kazi ya ofisini." Hakumzuia. Binti akasomea udaktari wa mifugo na wanyama, na mwaka 1996 akawa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mamlaka ya hifadhi ya Uganda.

Katika mwaka ule ule gorila wa msitu wa Bwindi walianza kunyonyoka manyoya na kujikuna. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka akagundua ni upele, upele huu huu tunaoutibu sisi. Gorila mchanga mmoja alikufa, wengine wakapona kwa dawa. Ugonjwa ulidhaniwa kutoka katika nguo kuukuu ambazo watu maskini wa pembeni mwa msitu walitundika mashambani kutishia wanyama. Daktari akaelewa kwamba hawezi kuwaponya gorila huku akiwaacha watu wakijikuna. Mwaka 2003 akaanzisha shirika linalohudumia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba wakifundisha usafi na uzazi wa mpango.

Akina mama, je, huyo ameacha kazi ya kuhudumia watu? La hasha.

Neno la Mungu linasemaje?

Yule mama wa vitumbua aliniuliza kama si dhambi kupoteza akili aliyopewa mtoto kwa ajili ya viumbe vya porini. Nilirudi katika Biblia yangu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, kinaeleza kwamba Mungu aliwaleta wanyama na ndege wote mbele ya Adamu ili awape majina. Hiyo ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa alizopewa mwanadamu, kabla ya dhambi kuingia duniani. Jane Goodall alipofika Cambridge baadhi ya wasomi walimlaumu kwa kuwapa sokwemtu majina badala ya namba. Nadhani Adamu angekuwa upande wake.

Tena kitabu cha kwanza cha Wafalme kinapoieleza hekima ya Sulemani, kinataja kwamba alinena juu ya miti, wanyama, ndege na samaki, na watu wakaja kutoka mataifa mbalimbali kumsikia. Naye Bwana wetu alipotaka kutufundisha kutokuwa na hofu, alituonyesha shomoro. Anayemtazama kiumbe kwa makini anatazama kazi ya mikono ya Mungu. Hata katika kanisa letu dogo la Pemba, lililozungukwa na majirani zetu Waislamu ambao nao wanaamini kwamba viumbe ni amana ya Mungu, hili ni jambo tunaloweza kulifanya pamoja bila ubishi.

Ufanye nini mwanao akikuambia hivyo?

Najua si kila mtoto anayesema anapenda wanyama amekusudia kweli. Kwa hiyo nawapa mashauri machache.

Kwanza, msikilize kabla ya kujibu. Mwulize ameona nini, amesoma nini, ameandika nini. Mwenye mapenzi ya kweli atakuwa na kitu cha kukuonyesha, kama vile daftari lile lililochakaa.

Pili, angalieni masomo yake. Kozi hizi zinahitaji sayansi, hasa Biolojia. Mtoto wa kidato cha pili anayetaka njia hii asiache Biolojia na Kemia. Katika kidato cha tano, michepuo yenye Biolojia ndani yake ndiyo inayofungua mlango.

Tatu, vijue vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori. Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kimekuwa kikifundisha uhifadhi tangu mwaka 1963, naye ambaye alama zake hazikutosha shahada anaweza kuanzia ngazi za chini. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni kwamba chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu au mamlaka inayohusika.

Nne, zungumzeni fedha waziwazi. Zanzibar tuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na Bara wana yao. Someni masharti mapema, tayarisheni vyeti vya kuzaliwa, na mtoto aelewe kwamba mkopo ni deni. Aidha, msimdanganye kwamba kazi inamsubiri mlangoni. Ajira ni chache katika fani zote, hata ya kwetu ya uuguzi. Mwulizeni atafanya nini akisubiri, kama kufundisha au kuongoza watalii.

Tano, usalama. Hofu ya mama ni halali. Mwulizeni mwanafunzi huenda porini na nani, hulala wapi, na msimamizi wake ni nani. Atafute ushirika wa wanafunzi Wakristo tangu juma la kwanza. Naye asikubali kusafiri peke yake na mkubwa yeyote kwa kisingizio cha utafiti.

Sita ni neno langu la kiuguzi. Kumpenda mnyama si kumshikashika. Popo anaweza kubeba vijidudu vya hatari, basi watoto wasiokote popo aliyeanguka wala kula tunda lililoumwa naye. Matunda yaoshwe. Anayeumwa au kukwaruzwa na popo, mbwa au mnyama mwingine aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Nilivyorudi kwa mama yake

Ilinibidi nirudi kwa yule mama nikakiri. Nilimwambia, "Nilikuahidi nitamrudisha njiani. Nimemkuta yumo njiani, ila njia yenyewe ndiyo tulikuwa hatuijui."

Hakufurahi. Alikaa kimya akikoroga unga wake. Nikamkumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau hata mimi. Nilipotaka kusomea uuguzi, wazee wa ukoo wetu walimwambia mama yangu kwamba binti mwenye adabu hagusi vidonda vya wanaume wala hakeshi kazini, na kwamba sitaolewa. Mama yangu hakujua kusoma. Alinisikiliza usiku mmoja karibu na moto, kisha akauza mbuzi wake wawili. Leo wajukuu wa wazee wale wale nimewapokea kwa mikono hii.

Yule mama akaniuliza, "Hilo daftari lina nini?"

Nikamwambia, mwulize mwenyewe.

Jumapili iliyofuata alinieleza kwamba walikaa kwa taa mpaka usiku mkubwa, binti akimsomea ukurasa kwa ukurasa. Kumbe zile asubuhi alizokuwa akichelewa kuleta kuni, na mama akidhani ana mvulana, alikuwa amesimama chini ya miti akihesabu. Mama alilia tena, lakini safari hii si kwa aibu. "Miaka miwili, Sista," aliniambia. "Miaka miwili mtoto ana jambo kubwa hivi moyoni, nami niko naye nyumba moja."

Baba bado ananung'unika kwamba atawajibu nini watu msikitini na kanisani wakimwuliza binti yake anasomea nini. Ila nilipopita karakana kwake juzi nilimkuta akipiga randa mbao za mvule. Nikamwuliza anatengeneza nini. Hakuinua uso.

"Sanduku," alijibu. "Huko bweni Morogoro ataweka wapi vitabu?"

Mama mwenzangu, pengine mwanao naye ana daftari lake. Pengine si la popo, ni la nyota au la kushona au la mashine. Leo jioni, vyombo vikishaoshwa, kaa naye umwulize. Bwana aliyekukabidhi mtoto huyo akupe sikio la kumsikia na hekima ya kumwongoza.

Tukutane mwezi ujao katika somo la lishe. Mungu awabariki.